Nilimfukuza Mwalimu wa Fizikia Kwa Kuuliza Maswali

Mpendwa Shangazi Mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada, na ukishamaliza kucheka naomba unijibu kama mtu mzima kwa mtu mzima, maana jambo hili nimelifanya kwa mdomo wangu mwenyewe na sina wa kumsingizia.

Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kushonea kinachotazama barabara, mashine tatu na wanagenzi wawili, na binti yangu wa kwanza yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, mtoto mkimya, ana adabu, na mikono yake haijui kukaa bure, mwaka jana mota ya cherehani yangu ilipozima fundi wa mota akaniambia ninunue nyingine, binti akaifungua kwa bisibisi ndogo ya kukazia miwani, akaisafisha, akaunga waya uliokatika, ikaunguruma, na tangu siku hiyo anasema akimaliza shule anataka kusomea kutengeneza mashine za hospitali, nami nikasema amina, ila huko wanataka fizikia, na fizikia ndiyo inayomtoa jasho.

Basi nikaanza kumtafutia mwalimu wa nyumbani, nikauliza huku na huku, mteja wangu mmoja akanielekeza kwa mama aliyefanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya shule, akipanga vifaa na kuwaonyesha wanafunzi majaribio, sasa amestaafu, watu wanamwita Mama Maabara. Akaja Jumanne alasiri, Shangazi, mikono mitupu! Hana kitabu, hana karatasi, nikasema moyoni mh, hapa pana kazi. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akatazama chumba, akaiona pasi yangu imechomekwa, akamuuliza binti yangu, "Hebu niambie mwanangu, umeme uleule unapita kwenye waya na unapita ndani ya pasi. Mbona pasi inaunguza, na waya unaushika kwa mkono?" Mtoto kimya. Yule mama naye kimya, ametulia tu, wala hana haraka. Mtoto akasema neno, mama akauliza, "Umejuaje?" Mtoto akachora, akakata, akachora tena, mama akauliza, "Na waya ungekuwa mwembamba zaidi?" Saa nzima ni maswali, jibu hata moja hakulitoa, na alipoinuka daftari lina ukurasa mmoja tu, umekatwakatwa mistari huwezi kuutazama mara mbili, akasema, "Kalifikirie, Alhamisi utaniambia."

Shangazi, nilipandwa na hasira, wanagenzi wangu wanasikia, mteja yuko mlangoni na kitambaa chake, nikamwambia yule mama, mtu wa kumwamkia shikamoo, "Mimi nakulipa ufundishe, sikulipi uulize. Maswali anayo ya kutosha shuleni." Alichukua mkoba wake, akamwambia binti yangu, "Usiache kulifikiria," akatoka. Alhamisi hakuja kwa sababu nilimwambia asije.

Nikamwita shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, yuko chuo cha ufundi na kwao walianza kumwita Injinia hata kabla hajapata nafasi ya chuo. Kijana mzuri, hana makuu, anakuja kila baada ya siku moja na hataki hata senti, anakaa karibu na binti yangu, anachukua kalamu, na hesabu zinashuka moja chini ya nyingine, jibu limepigiwa mistari miwili kwa rula. Loo, nilivyofurahi! Mimi kazi yangu ni mishono, napenda kitu kilichonyooka, kila jioni nalifungua daftari na kulikagua kama ninavyokagua pindo, nikiona pamekatwa mstari namwambia binti auandike ukurasa upya, na nikawa nawaonyesha wateja, jamani tazameni, mtoto wangu huyu. Miezi minne, madaftari matatu.

Mtihani wa nusu mwaka ukaja, akapata kumi na tisa kwa mia. Nilidhani wamebadilisha karatasi, nikataka kwenda shuleni kugombana, lakini kitu kikaniambia subiri, nikachukua daftari la tatu, nikafungua katikati, nikafunika majibu kwa kipande cha bitana nikaacha swali peke yake, nikamwambia, "Lifanye hili." Akashika kalamu, akaniangalia, akasema, "Mama, hili alilifanya baba mdogo." Na hili? "Baba mdogo." Na la ukurasa wa nyuma? "Baba mdogo." Nikamuuliza, "Na wewe ulikuwa unafanya nini?" Akasema, "Nilikuwa nanakili vizuri ili usikasirike."

Lakini kilichoniangusha siyo hicho, Shangazi. Nilipoitazama karatasi ya mtihani nikaona swali moja, moja tu, amepata alama zote, limeuliza kwa nini waya wa ndani ya jiko la umeme unakuwa mwekundu na waya wa nje haupati moto, amejibu mwenyewe, na michoro, na sababu, nikamuuliza nani alikufundisha hili, akasema, "Hakuna mtu. Nilikuwa nalifikiria kila unapopiga pasi."

Sasa mwalimu wa somo amesema kwenye mtihani wa majaribio, yaani wiki tisa kuanzia leo, asipopata nusu hatamwandikisha fizikia kwenye mtihani wa mwisho, na kama tumeshakata tamaa ametupa fomu ya kuacha somo, mzazi atie sahihi. Fomu iko hapa mezani chini ya mkasi wangu mkubwa. Baba yake anasema tia sahihi mtoto apumzike, mama mkwe anamsifu Injinia kila siku, binti mwenyewe anasema, "Mama, sitaki kuacha. Namtaka yule mama wa maswali." Na mimi yule mama nikimwona dukani nageuka nyuma najifanya nimesahau kitu. Nikimrudisha, nitamwambia nini? Na Injinia nikimwondoa, si watasema nimewadharau ukweni? Nisaidie Shangazi, mtoto asiache ndoto yake kwa sababu ya mdomo wangu.

Ni mimi, Fundi Niliyekosea Kipimo.

*

Marahaba, Fundi.

Nimecheka, sikufichi. Nilicheka mpaka kwenye "nanakili vizuri ili usikasirike," hapo nikaacha. Soma tena hayo maneno, mama. Mtoto wako alijua ndani ya wiki ya kwanza kwamba haelewi kitu, akakaa kimya miezi minne kwa sababu wewe ulikuwa unakagua pindo.

Hebu nikuulize swali, kwa kuwa maswali sasa unayaheshimu. Msichana akija kwako kujifunza kushona, unamkalisha pembeni atazame unavyomaliza gauni, halafu unamwambia, haya, hili ni lako, kawaonyeshe watu? Thubutu! Unampa kipande chakavu. Anashona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, unamwambia fumua. Anafumua na machozi yanamtoka, anashona tena, anakosea tena. Kile kipande kilichotobokatoboka hakuna mteja atakayekinunua, lakini bila hicho hapana fundi. Ukurasa uliokatwakatwa ulikuwa kipande chakavu cha binti yako. Ulikuwa na mwalimu chumbani mwako aliyefanya kazi kama unavyoifanya wewe, na hukumtambua kwa sababu hakuwa na sindano.

Nimemaliza kugomba. Hukufanya kwa ubaya. Ulitaka kuona kazi imefanyika, na wazazi wengi wananiandikia wakiulizia mwalimu mwenye vyeti vingi, mwenye sauti kubwa, anayejaza madaftari. Wewe angalau ulichukua kipande cha bitana ukafunika majibu. Huo ndio mtihani wa maana kuliko yote niliyoisikia mwaka huu, na hukuutoa kwenye kitabu cha mtu. Usiuache. Kila Jumapili funika majibu ya ukurasa mmoja, mwambie binti aufanye tena. Akiweza, mwalimu anafundisha. Asipoweza, mwalimu anajifurahisha.

Injinia. Usimfukuze, tafadhali, umeshafukuza mtu mmoja na tumeona faida yake. Kijana anawapenda, na anajua hesabu zake. Kosa lake ni mkono, haujui kutulia. Mumeo ndiye azungumze naye, kaka na mdogo wake, wawili tu, siyo mezani kwa mama mkwe. Amwambie ukweli wa ile alama, amwonyeshe karatasi. Halafu apewe kazi nyingine: kila Jumamosi alete karatasi za mitihani iliyopita, binti afanye peke yake kwa muda wa mtihani, yeye akae hapo, asahihishe mwisho. Kalamu asiishike mpaka binti aweke yake chini. Akiishika, mnyang'anye, mwambie ni amri ya Shangazi wa gazetini, anichukie mimi. Ukweni hawatasema umewadharau, maana mtoto wao bado anakuja na bado anakunywa chai yenu.

Na huyo mumeo anayetaka mtoto apumzike, mkalishe kitini siku moja pasi ikiwa imechomekwa. Binti amweleze kwa nini inaunguza na waya hauunguzi. Asipobadili mawazo baada ya hapo, niandikie, nitakuja mwenyewe.

Shuleni nenda, lakini siyo kugombana. Chukua ile karatasi ya kumi na tisa, mwombe mwalimu wa somo dakika chache, muulize alama zinapotelea wapi hasa. Wiki tisa hazitoshi kuanza kitabu ukurasa wa kwanza, nisikudanganye. Zinatosha kushika sehemu tatu nne kwa nguvu. Mwombe azitaje, uziandike, hiyo karatasi ndiyo umkabidhi mwalimu wa nyumbani. Wala sikuahidi kwamba atapata nusu. Nakuahidi kwamba akikaa na mtu anayemfanya afikiri, atakapoingia kwenye ule mtihani atakuwa anaingia yeye, siyo baba yake mdogo.

Sasa tufike kwa Mama Maabara, ambaye umemzunguka barua nzima kama unavyomzunguka dukani.

Utakwenda. Mchana, kwa miguu yako, peke yako. Binti usimchukue akakuombee msamaha wewe ukiwa umesimama nyuma yake. Kitambaa cha zawadi usibebe, atadhani unamnunua. Yale uliyomwambia yarudie mbele yake neno kwa neno, useme ulikosea, usiweke "lakini" hata moja, habari za mteja aliyekuwa mlangoni ziache nyumbani. Kisha mweleze lile swali la jiko la umeme. Mwambie binti yako hakuacha kulifikiria. Mwalimu wa kweli akisikia hilo, moyo wake utalegea hata kama uso hautaki.

Akikubali, siku ya kwanza atakapoingia tena mwamkie mbele ya wale wanagenzi wako wawili, uombe radhi wakisikia, maana ulipomvunjia heshima walikuwa wanasikia. Usijali watakuonaje. Watajifunza kitu ambacho cherehani haifundishi. Halafu mwachie chumba. Akiuliza swali na binti akanyamaza, wewe shona. Ukimya huo usiusogelee, ndani yake kuna kazi inafanyika.

Na akikataa? Ana haki. Usimlilie mlangoni, muulize tu anamjua nani mwingine. Yeyote atakayemtaja, omba kipindi kimoja cha majaribio kabla hamjapatana lolote, ukae pembeni na sindano yako, utazame vitu viwili tu: kalamu iko mkononi mwa nani, na nani anaongea zaidi. Kikiisha, mwambie binti akufundishe wewe alichojifunza. Ukielewa wewe uliyeachana na fizikia zamani, umempata mtu.

Fomu usiitie sahihi. Itoe chini ya mkasi leo, igeuze upande usioandikwa, umpe binti yako aitumie kukosea. Mwambie akate, achore, akate tena, na wewe hutaikagua.

Kesho vaa viatu uende. Mama Maabara akifungua mlango akakuuliza umefuata nini, mwambie, "Nimekuja kukuomba uje umuulize mwanangu." Kisha nyamaza, umsubiri, kama yeye alivyomsubiri binti yako.

Shangazi