Mwezi Uliokuwa Ukitembea

Mjukuu wangu Salma,

Assalaam alaikum. Sisi London hatujambo. Mama yako amepona mafua, na kaka yako amepata kazi Stratford.

Umeuliza utajuaje kwamba unachokiona angani ni kituo cha anga za juu, si ndege. Taa za ndege huwaka na kuzima, nayo hunguruma. Kituo huteleza kimya, kikimulikwa na jua lililokwisha kutuchwea sisi huku chini. Ndiyo maana hukiona jioni, au kabla ya kucha.

Lakini jicho hukoroga mambo. Miaka michache baada ya kuhama Unguja, tulisimama kwenye roshani yetu Tottenham tukiutafuta mwezi wa Idi. Mawingu yalikuwa tele. Ghafla Ami Seif, rafiki wa baba yangu, mwenye mtoto wa jicho, akapaza sauti: "Nimeuona! Kesho Idi!"

Nami niliiona nuru ile katika upenyo wa mawingu. "Ami, mbona inakwenda? Ile setelaiti."

"We! Nautazama mwezi tangu hujazaliwa!"

Tukahitilafiana. Yeye akaenda kwake kupika biriani, sisi tukala daku.

Asubuhi akabisha hodi, kanzu imenyooka, akakuta jiko letu baridi. Baba, ingawa mwenyewe amefunga, akamkumbatia, akamchemshia kahawa na kummiminia. Ami alikikodolea macho kikombe, akanigeukia taratibu. "Kwani niliona nini?"

Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Lakini mwezi wenyewe ulikuwa nyuma ya mawingu, na hakuna aliyejua kama uliandama. Hata leo sijui. Baba akamsogezea kikombe: "Kunywa, Seif, inapoa."

Babu yako anayekuombea heri