Mvue Mbwa Jina la Babu Yako

Kijiji cha Lipingo,
Kupitia Liuli, Mbinga.
3 Septemba 1994

Mpendwa mjukuu wangu Pankras,

Shikamoo yako ya kwenye kadi nimeipokea, nami naijibu kwanza: marahaba. Nakuuliza hali yako, hali ya mkeo Birigita, hali ya mama yake mnayeishi naye, na hali ya kifua chako. Kama bado unakohoa, acha kulala kwenye chumba cha kuchorea. Harufu ya rangi siyo hewa ya mtu kulalia. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua, lakini maji nachota mwenyewe na jembe nashika mwenyewe, asije mtu akakuandikia kwamba nimezeeka.

Leo sikuiti mume wangu kama siku zote. Bibi humtania mjukuu moyo ukiwa umetulia, na wangu haujatulia.

Mwandiko huu ni wangu. Siku zote barua zangu anaandika mdogo wako Ottilia, lakini hii inamhusu, tena ana tumbo kubwa, sitaki aisome akalia. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la pili na herufi sijazisahau. Pale zilipopinda utazinyoosha wewe, ndiyo kazi yako.

Mwaka jana nilikuandikia kwamba jina la babu yako limelala mno, uliamshe nyumbani mwako. Wewe ni mtoto wa hapa, Pankras. Unajua mkubwa hawaulizi watu waliooana, mtoto yuko wapi. Tunazunguka. Tunasema jina liamke, na mwenye masikio anasikia. Wakati wa Pasaka ukanijibu: Bibi, jina la babu nimeliamsha, Wendelin tunaye, nyumba imechangamka. Mimi nilisikia mtoto. Nani hapa Lipingo angesikia kitu kingine?

Ukaandika kwamba analala miguuni penu na analia mkitoka. Ukaandika kwamba ana meno makali, ametafuna kiatu cha Birigita. Nikasema, meno yanaota huyo. Ukaandika kwamba kila asubuhi mnakwenda pamoja mtoni, wewe unachora na yeye anakimbia. Ottilia akaniuliza, "Bibi, mtoto ambaye hata hatukusikia amezaliwa, anakimbia?" Nikamjibu, "Maziwa ya kule Ujerumani ni mazito."

Basi nikaita watu. Nilichinja jogoo wangu, yule mwekundu. Nikapika samaki, mbasa wakubwa wa ziwani, na ugali wa muhogo, Ottilia akakoroga togwa. Katekista Tarsisi akaja kutuongoza sala ya shukrani, na babu yako mdogo Placidi akateremka kutoka Mbuji amevaa koti. Siku hizi Placidi anaongea kwa sauti, maana wanunuzi wapya wa kahawa wanamfuata na magari yao mpaka shambani, hangoji tena chama cha ushirika. Hata hivyo alikaa vizuri, akasema, "Shemeji, leo kaka yangu amerudi." Mimi nikafungua mfuko nikawaonyesha sweta la mtoto nililonunua dukani kwa Abdulhamid, la mtumba, limetoka huko huko kwenu, nami nilitaka kulirudisha huko.

Tulikuwa ndiyo tumeanza kula alipofika Abdulhamid mwenyewe na bahasha yako. Alikuwa ameipokea Mbinga alikokwenda kuchukua mali ya duka. Watu wakasema soma, tumwone mtoto. Ikatoka ile kadi ya maonyesho yako ya picha. Placidi akainyakua akaishika mbali na macho kama anavyofanya.

"Hapa pameandikwa Wendelin," akasema.

"Ndiyo. Yukoje?"

Akaigeuzia kwenye mwanga. Kisha akasema, "Ana mkia."

Pankras, sijawahi kusikia watu wengi wakinyamaza namna ile bila maiti ndani. Kadi ikapita mkono kwa mkono. Mbwa mkubwa wa kahawia, amelala kwenye kochi lenye maua, na chini yake jina la mume wangu kwa herufi kubwa. Picha ni nzuri, sitakudanganya. Manyoya yale mtu anaweza kuyapapasa. Ndiyo maana iliniumiza zaidi.

Tarsisi akajaribu kupoza. Akasema, "Wazee, Mtakatifu Wendelin ndiye msimamizi wa mifugo."

Placidi akamwambia, "Msimamizi wa mifugo, katekista. Siyo mfugo." Akanigeukia, "Na hilo sweta, shemeji, lina tundu la mkia?"

Watu wakacheka na kuku wangu mdomoni. Mimi nilisimama nikaendelea kupakua mpaka wa mwisho aliposhiba, kisha nikaingia ndani.

Najua utakachosema, maana ulikiandika nyuma ya kadi. Huko mbwa ni mtu wa nyumbani, ana daktari wake, na paka wenu wawili wana bakuli zao zenye majina. Ulisema hakuna mtu wa kwetu wa kumwita huko, basi ulitaka kila siku kinywa chako kitamke jina la nyumbani, na jina liitike. Hilo nililisoma mara nyingi. Sikulicheka. Lakini mtu mzima unayefungwa kamba moja na mbwa na kuokota mavi yake kwa karatasi, ukipaza sauti njiani "Wendelin, kaa chini," unajua unamwambia nani akae chini?

Babu yako alivuka ziwa kwa meli akaenda Joni, huko Afrika Kusini, kuchimba dhahabu ya watu, na udongo wa kule ukamfunika. Aliyerudi ni mwenzake, na sanduku la bati. Mimi sina kaburi la kupalilia. Wenzangu siku ya Marehemu Wote wanakwenda na mishumaa, mimi nakwenda na jina. Ulipozaliwa walitaka wakupe wewe, nikakataa, kwa sababu jina la mtu hupewa mwingine akishazikwa, na wangu sikumzika. Nililikalia miaka yote hiyo. Mwaka jana nikasema sasa basi, hatarudi, jina liende kwa damu yake. Nikalituma kwako, mkubwa wa wajukuu. Nililituma kwako, siyo kwa Ottilia, siyo kwa Placidi.

Sasa sikia yaliyotokea baadaye. Placidi aliita kikao cha ukoo. Alisema jina limeshaingia kwa mbwa, basi lizikwe na mbwa, lifunikwe, asipewe mtoto yeyote tena. Wazee wawili wakamuunga mkono. Nikawaambia, "Mtaje hapa nani kati yenu alilia pamoja nami sanduku lile lilipofika." Tulivutana mpaka wakakubali jambo moja: aliyelivisha ndiye alivue. Mtu aliyepokea jina akalitoa pasipo pake, kinywa chake mwenyewe ndicho kinachoweza kulirudisha. Akilirudisha, mimi nitampa nimtakaye. Lakini Placidi akaongeza kwamba mtoto wa Ottilia akitolewa nje kabla neno lako halijafika, ataitwa jina jingine, na la kaka yake litafunikwa siku hiyo hiyo.

Unakumbuka desturi. Kitovu kikidondoka, mtoto anatolewa nje, anaonyeshwa watu na kuitwa. Na barua ya Ujerumani haikimbizani na kitovu.

Kuzunguka kwa maneno kumeniponza, kwa hiyo sasa nakuuliza wazi, na Birigita anisamehe. Mna mtoto njiani au hamna? Kama yupo, sema, nitapigana na Placidi kwa ajili yake, kwa sababu haki ni yenu. Kama Mungu hajawapa, sema pia. Sitamtangazia mtu. Sitamhesabu mkeo kuwa pungufu. Lakini usininyamazie kwa adabu, maana adabu zetu wote wawili ndizo zilizotufikisha kwa mbwa.

Na kama hayupo, nakutaka ulirudishe jina nimpe mtoto wa Ottilia. Najua ninachokutaka. Jina likitoka kwako halitarudi kwako tena, hata Mungu akiwapa baadaye. Nimeliwaza hilo jikoni na shambani. Bado nalitaka.

Niliishia hapo jana nikaitwa. Leo ni tarehe nne, naendelea.

Ottilia amejifungua usiku wa kuamkia leo, salama, hapa hapa nyumbani, mkunga alimwahi. Mtoto ni wa kike. Ana mikono mirefu na sauti ya kuita watu ng'ambo. Placidi hakuwa amerudi Mbuji bado. Alisimama mlangoni akasema, "Basi imekwisha, shemeji. Jina la kiume."

Nikamwambia, "Wendelina."

Akasema, "Hilo umelitunga."

Nikamwita Tarsisi, naye akamjibu kwamba yapo kwenye daftari la ubatizo majina kama hayo, Padre hatakataa. Placidi akasema hata liwe na herufi gani mwishoni, bado lipo kwa mbwa, na neno lake la kikao liko palepale. Hapo amesema kweli, na ukweli wake unanikera kuliko matusi yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua karatasi, siyo kadi yenye picha. Andika: Mimi Pankras nimemvua mbwa jina la babu yangu Wendelin, nalirudisha kwa bibi yangu Hildegardi. Tia sahihi, na Birigita atie yake, kwa sababu na yeye amelitamka. Mpe mbwa jina jingine na umzoeshe kwa nyama mpaka aache kuitika lile. Usimpige, hana kosa. Zile picha zenye jina hilo ukutani, zibandue maandishi, picha ziache.

Abdulhamid anaondoka kesho alfajiri na gari la mzigo, atatia barua hii posta ya Songea, ni karibu zaidi na ndege.

Kitovu kitadondoka wiki hii. Mimi nimeweka kigoda changu mlangoni. Mtoto hatoki. Mama yake atatoka, nguo zitatoka, mtoto hatoki. Wakiniambia anahitaji jua, nitamkalisha dirishani. Ottilia amenielewa, kanyonyesha akacheka, akaniambia, "Bibi, na sisi tumwiteje sasa?" Tunamwita Mgeni. Naye anaitika, kwa sababu hajapewa kingine.

Nisalimie Birigita, mwambie sina kinyongo naye. Nisalimie mama yake kwa heshima. Ottilia anakusalimu, mumewe anakusalimu, katekista Tarsisi anakusalimu. Placidi hakuniagiza salamu lakini jana aliuliza kama unakula vizuri. Msalimie na mbwa, kwa jina lake jipya.

Bwana akulinde barabarani na kwenye baridi, ailinde mikono yako, na awape nyumbani mwenu kile ambacho mimi na wewe tulishindwa kukitaja.

Anayekupenda na kukukaripia, niliyekaa mlangoni,

Bibi yako,
Hildegardi