Soketi na Simba

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza kazi rasmi. Ukumbi wa michezo! Mkubwa kiasi kwamba ukisema neno upande huu, linafika upande wa pili limeshachoka. Kwa sasa ni bati juu na nondo chini, zege halijamwagwa. Lakini mimi nimeshauona umejaa watu wanapiga makofi.

Mimi ndiye msimamizi wa ufungaji wa vifaa. Magoli, vikapu, nguzo za wavu, ngazi za ukutani. Kila kitakachosimama, kitakachoning'inia au kitakachong'ata sakafu humo ndani, kinapita mkononi mwangu. Saiti nzima wameshaniita Bolti. Siku ya kwanza tu!

Mhandisi wa saiti ni mpwa wangu. Binti wa dada, huyuhuyu niliyembeba mgongoni. Wapo wanaonong'ona eti kampa mjomba wake ulaji. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji – na mimi si ng'ombe, ni tembo.

Dada kanipigia simu kabla sijanywa chai. Hii ndiyo kazi kubwa ya kwanza ya mwanawe. Nikimharibia, nisikanyage mlango wake. Na mdomo niuache nyumbani. Mdomo nikiuacha nyumbani, kazini nitakula na nini?

Mchana nimekaa juu ya kasha moja zito nje ya stoo, nikawasimulia mafundi habari ya simba. Nilivyokuwa nafunga mnara wa simu porini, simba akaja kulala chini ya ngazi yangu. Nikamdondoshea spana ya kumi na tisa puani. Kaondoka anapiga chafya! (Zamani nilikuwa nasema spana ya kumi na saba. Lakini kwa simba, kumi na tisa inakaa vizuri zaidi.)

Jumatano, 5 Machi

Mpwa kaniita kwenye kontena, ndiyo ofisi yake. Katandaza ramani mezani. "Mjomba, soketi za sakafu ni zako. Hakikisha zimekaa kabla ya zege. Zikikosewa tumekwisha."

Nikatikisa kichwa polepole, kama profesa. Kuna swali lilinijia nikalimeza. Mtu wa umri wangu akiuliza soketi ni nini, si bora avae kaptula arudi darasa la kwanza? Soketi ni soketi. Tundu la ukutani, unachomeka pasi. Hili ni la sakafuni, basi.

Nikaenda moja kwa moja kwa fundi umeme. Huyu wanamwita Waya – mwembamba, na ukimgusa anaunguza. Nikamwonyesha alama zote sita kwenye ramani. Kacheka mpaka kakohoa. Kauliza soketi katikati ya uwanja ni za nani, mpira utachaji simu? Nikamwambia we Waya, dunia imekwenda wewe umelala. Siku hizi ubao wa matokeo unachomekwa chini! Akasema afadhali akamuulize mhandisi. Nikamwambia mhandisi ni mtoto wangu, ukiniuliza mimi umemuuliza yeye.

Kaenda kulaza paipu zake. Nimemshinda!

Alhamisi, 13 Machi

Zege limemwagwa. Laini kama uso wa bibi harusi. Nimesimama pembeni mikono kiunoni, nikitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyahitaji lakini wote wameyapata.

Vile visanduku sita vya umeme vimekaa palepale kwenye alama. Kazi yangu hiyo.

Jumatatu, 17 Machi

Mtunza stoo kanifuata. "Bolti, hizi soketi zako utazichukua lini? Zimenijazia njia tangu mwezi uliopita."

Soketi gani tena?

Kanionyesha. Yale makasha! Yaleyale niliyokuwa nakalia nikisimulia habari ya simba! Kafungua moja. Ndani kuna kikombe cha chuma, kirefu kama mkono mpaka kiwiko, kizito kama dhambi. Kina na kifuniko chake. Nguzo ya wavu inaingia humo na kusimama. Kikombe chenyewe ni cha kuzikwa ndani ya zege. Na ubavuni mwa kasha, kwa herufi kubwa: SOKETI ZA SAKAFU.

Mtu mwingine angezimia. Mimi nimekohoa tu.

Kisha nimekwenda nyuma ya stoo nikakaa chini.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwambia. Si kila mwanamume angeweza.

Nilianza mbali kidogo. Nikamwambia mpwa wangu, katika dunia hii kuna siku mtu anakutana uso kwa uso na jambo kama simba, halafu –

Akaweka kalamu chini. "Mjomba. Sema sentensi moja isiyo na simba."

"Soketi nimekosea."

Maisha yangu yote sijawahi kusema sentensi fupi hivyo. Nikamweleza za Waya, paipu, visanduku, makasha. Hakupiga kelele. Kakaa juu ya mfuko wa saruji, na suruali yake nyeusi. Kauliza jambo moja: kwa nini hukuniuliza?

Mchana Mkurugenzi wa kampuni kaja. Nilikuwa nakaza bolti ya ngazi ya kontena. Ilikuwa imeshakazwa, lakini ukuta wa bati hupitisha sauti. Mkurugenzi kasema hayo ndiyo matunda ya kuajiri ukoo mzima. Mpwa kajibu kwamba kosa limetokea kwenye saiti yake, kwa hiyo ni lake. Jina langu hakulitaja! Kaomba mpaka Jumamosi ya wiki ijayo, kabla ya mafundi mbao kuja kufunika sakafu. Mkurugenzi kasema sawa. Siku hiyo atakuja mwenyewe. Nguzo zisiposimama, mhandisi atafute saiti nyingine, na aondoke na mjomba wake.

Bolti ile nimeikaza hadi imekatika.

Jumatano, 19 Machi

Dawa ninayo. Tunakata zege pale penye alama, tunachimba chini, tunasimamisha kikombe, tunamwaga zege la kukauka haraka. Rahisi! Kuna kizingiti kimoja. Chini zimepita paipu za umeme – zilezile nilizomlazimisha Waya – na kwenye baadhi yake keshapitisha nyaya za taa. Ukikata kibubusa, unaweza kukaangwa kama kitumbua. Anayejua paipu zimekata kona wapi ni Waya peke yake. Alizipiga picha na simu kabla ya zege.

Kwa hiyo mimi, Bolti, nimekwenda kumwomba Waya.

Alikuwa anamenya waya kwa meno. Kanisikiliza mpaka mwisho, kwa raha mno. Kasema atanionyesha kila kitu na kushika mashine pamoja nami. Ila kwanza nisimame wakati wa chai, mbele ya watu wote, niseme Waya alikuwa sahihi.

Nimesimama. Nikasema: "Jamani, soketi si soketi. Waya aliniambia, mimi nikaziba masikio. Kuuliza si ujinga, ujinga ni mimi wa tarehe tano." Wamecheka hadi chai imemwagika. Nikaongeza kwamba hata hivyo inahitaji kichwa cha aina yake kukosea kwa usahihi namna ile, maana visanduku vyote vilikaa palepale kwenye alama, hakuna kilichopinda hata unywele. Wakapiga makofi!

Waya kasema hotuba ilianza vizuri.

Ijumaa, 21 Machi

Tunakata. Vumbi limenifanya mzee wa mvi kabla ya wakati. Waya anashika simu yake na kupiga kelele: kushoto! kushoto kwako, si kwangu! Tukifika karibu na paipu tunaacha mashine, tunagonga kwa patasi taratibu, kama watu wanaomenya yai la mgeni.

Mpwa kashuka uwanjani. Kavaa ovaroli, kashika patasi. Nikamwambia, "Mama, rudi ofisini, utaharibu mikono." Kasema, "Mjomba, gonga." Tumegonga.

Tundu la nne tumekuta nondo mbili pamoja. Waya kakata tamaa, kakaa chini. Mimi nikamwambia nondo ni kama mke mwenza, huwezi kumfukuza, unamzunguka. Tumezunguka. Imekubali!

Jumapili, 23 Machi

Vikombe vyote vimo ndani. Nimeweka pima maji juu ya kila kimoja – kiputo katikati, kimetulia tuli kama jicho la kipofu. Mpwa kapima upya baada yangu. Nikajifanya nimeudhika. Moyoni nilitaka apime hata mara kumi.

Zege limemwagwa. Sasa ni kusubiri. Kusubiri sikukujifunza shuleni, niliishia darasa la tano.

Dada kapiga simu. Kasikia yote. Eti mdomo wangu ungekuwa mguu, ningeshafika mwezini nikarudi. Halafu kauliza, kwa sauti ya chini: mtoto anakula? Nikamwambia anakula. Nikamwambia pia nimesimama naye. Kasema, "Haya basi."

Jumamosi, 29 Machi

NIMESHINDA. Tumeshinda. Lakini niandike kwa utaratibu.

Mkurugenzi kaingia na viatu vyake vinavyong'aa. Hakusalimia. "Nionyesheni." Nguzo mbili za wavu zimelala chini. Ukumbi mzima umesimama, hata mpishi wa chai kaja na birika.

Nikashika upande mmoja, Waya upande wa pili. Tukainua. Tukashusha ndani ya kikombe. Nguzo imeingia – jamani! – kama kisu kwenye ala. Ile sauti! Tup! Ya pili vilevile. Tup! Wavu ukafungwa, nikazungusha mkono wa kukazia. Ukakazika mpaka ukigusa kwa kidole unaimba.

Mkurugenzi kasukuma nguzo. Kasukuma kwa bega. Kasema ngoja watu wazima waanze kuruka, ndipo tutajua. Hapo sikuvumilia. Nikavua koti. Nikarukia nguzo nikaning'inia kwa mikono miwili, kilo zangu zote, na chakula cha mchana juu yake. Nguzo haikusema hata samahani! Nikabaki pale juu nikamwambia: "Mkubwa, ukiona vyaelea vimeundwa. Ukiona vyasimama, vimechimbiwa!"

Watu wameangua kicheko. Mkurugenzi kamtazama mpwa wangu, si mimi. Kasema, "Haya. Waite mafundi mbao." Kaondoka.

Mpwa kasubiri viatu vipotee mlangoni, na mimi nishuke. Kisha kanikumbatia mbele ya watu wote, kichwa kikanigonga kidevu kama zamani. Waya kanipa mkono. Haujaniunguza.

Wakati nashuka nguzoni nilisikia suruali imechanika nyuma. Hilo halimhusu mtu.

Jumatano, 9 Aprili

Mbao zimelazwa zote. Nimevua viatu nikatembea juu ya vifuniko vya soketi zangu macho yamefumbwa. Unyayo haukuhisi kitu. Sakafu moja tu, kama maji yaliyolala.

Watu watacheza hapa miaka na hawatajua kuna kitu chini. Nitalazimika kuwaambia mwenyewe.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika nikiwa ukumbini, ngazi ya juu, goti ndilo meza. Ufunguzi! Pamejaa mpaka milangoni. Dada kakaa pembeni yangu na kitambaa kipya, anasema niache kuandika watu wanaangalia. Wacha waangalie.

Timu za wanawake zinacheza. Mmoja wao, mrefu, kapiga mpira kwa nguvu, umegonga wavu, nguzo zimetetemeka kidogo na kutulia. Nusu ya ukumbi wamesema aah. Mimi sijapumua. Zimetulia!

Nimeshamwambia jirani wa kushoto kwamba nguzo zile ni zangu. Kauliza zimefungwaje. Nikamwambia tulipochimba shimo la nne tulikuta simba amelala humo. Dada kanifinya.

Mapumziko. Mkurugenzi kashika maiki. Anashukuru wageni, anashukuru mvua kwa kutonyesha. Sasa anamtaja mhandisi. Mpwa wangu kasimama! Kavaa ile suruali nyeusi, imefuliwa. Makofi. Dada analia, anasema ni vumbi. Vumbi gani, sakafu mpya?

Mkurugenzi anasema bodi ya kampuni imempa saiti nyingine, kubwa kuliko hii! Anasema pia kasikia kulikuwa na kisa cha soketi. Angependa watu wasikie kutoka kwa aliyezifunga. Watu wanageuza shingo. Waya kule chini kasimama ananinyooshea kidole, meno yote nje.

Mpwa kachukua maiki. Anapanda ngazi kuja huku. Anacheka, lakini macho hayacheki yote. Anajua. Ukumbi mzima, wachezaji, wageni, na mimi na mdomo wangu.

Kafika. Kainama sikioni kwangu: "Sentensi moja, Mjomba. Unaijua."

Dada kanishika shati kwa nyuma. Maiki imeshaelekezwa kwangu, na simba huyo hapa kooni, mkubwa kuliko siku zote, anasukuma meno –