Posa Yangu Ilivyoingizwa Kwenye Mengineyo

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyokulowanisha wala kukuacha mkavu.

Ninautangazia umma wa wasomaji wa blogu hii, ambao kwa hesabu yangu ni kumi na mmoja akiwemo binti yangu aliyenifungulia, kwamba kuanzia leo kiti changu cha uvivu kimehamishwa rasmi kutoka dirishani na kuwekwa karibu na mlango wa jikoni. Uamuzi huo umefikiwa baada ya mashauriano ya kina kati ya mke wangu na mke wangu.

Mimi sikuulizwa, na sina kinyongo. Konsolata, huyo mke wangu, aliwahi kunitaka nitoe kauli mara moja tu, mbele ya kijiji kizima, na tangu siku ile sijatamani kuulizwa tena.

Habari hiyo nimekuwa nikiizungukia tangu nianze kuandika humu. Leo mvua imenifungia ndani, kiti kinatazama jikoni, na yeye yuko humo anamenya ndizi huku akibishana na redio. Basi niiandike.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Sisi watu wa Ngara tulizoea kila nyumba na migomba yake, kila ukoo na kilima chake. Tukakusanywa, tukapangwa kwa mistari. Mimi nilitokea Nyakisasa, nikaangukia kijiji kimoja upande wa Kanazi, kijana wa miaka ishirini na nne nisiye na ndugu pale. Nilikuwa na darasa la nne na mwandiko mzuri. Mwandiko ukanifanya katibu wa kijiji. Mengine nilijifunza kwenye magazeti yaliyofungia sukari, siku sukari ilipokuwepo.

Nilikuwa mtu wa kujifunga. Nililelewa kwa baba mdogo, na mtoto anayekula kwa watu anajua mapema kwamba akinyamaza hasumbuliwi. Ukatibu ulinikaa vizuri. Unahudhuria kikao saa nne nzima, hakuna anayetaka useme, na wote wanakuogopa kidogo.

Konsolata alikuwa binti wa Mwenyekiti wetu, Mzee Gervazi. Nusu ya kijiji walimwita Konsorata, naye aliitika yote mawili. Kunyamaza hakukujua.

Siku moja bwana shamba alitupandisha maharage ya shamba la ujamaa kwa kamba, mstari mmoja mmoja, mahali peupe. Konsolata akasimika jembe lake chini. "Bwana shamba, maharage ya mama yangu yanakaa chini ya migomba, hayajawahi kuona kamba, na yanazaa. Haya yako umeyapanga foleni kama watu wa sukari. Yanasubiri nini?"

Mimi, katibu, niliandika: "Ndugu Konsolata alishauri kilimo cha mchanganyiko."

Kikao kilichofuata nikausoma muhtasari kwa sauti, kama ilivyo desturi. Watu walicheka mpaka Mwenyekiti akagonga meza. Konsolata hakucheka. Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia mbuzi wa kununua.

Ile ilikuwa barua yangu ya kwanza ya mapenzi.

Nikaandika nyingine nyingi za namna hiyo. Aliwaambia wanaume kwamba majembe yao yana usingizi. Niliandika kwamba alihimiza juhudi. Peke yetu hatukuwahi kuongea hata dakika tano. Alikuwa akinipita njiani na mtungi kichwani, anauliza bila kusimama, "Katibu, juzi nilisema nini?" Nami namjibu, "Utasikia kwenye kikao." Hayo ndiyo yaliyokuwa mahaba yetu, miaka miwili.

Kisha vita vikaja. Majeshi yalivuka mpaka kule juu, mkoa ukiwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, na sisi wa mgambo tukaambiwa lori litatuchukua kupitia Biharamulo. Jina langu kwenye orodha nililiandika mwenyewe, maana orodha ilikuwa kazi ya katibu. Nililiandika kwa mwandiko wangu mzuri.

Zilibaki siku tatu.

Niliogopa kufa, sioni sababu ya kuficha. Lakini niliogopa zaidi kurudi nikamkuta Konsolata ana mtoto mgongoni, mtoto wa mwanaume mwenye mdomo.

Nikaenda kwa Mzee Simeoni, balozi wetu wa nyumba kumi, nikampa shikamoo na kumwomba awe mshenga. Kwetu posa haiendi moja kwa moja. Mshenga anabeba pombe ya ndizi, anakaa kwa baba wa binti, anaongea habari za mvua, za ng'ombe, za ugonjwa wa migomba, mpaka jua linaanza kushuka. Ndipo anakumbuka kilichomleta. Mzee Simeoni alikuwa hodari wa kuzunguka. Nilimwamini.

Kesho yake akaniita pembeni.

"Mwanangu, nimelifikiria. Yule ni Mwenyekiti. Nikimpelekea mtungi nyumbani wiki hii, watu watasema tunampa mlungula akutoe kwenye orodha ya mgambo."

"Kwa hiyo, mzee?"

"Kwa hiyo nimeliingiza kwenye mengineyo."

Nilidhani anatania. Mzee Simeoni hakuwa mtu wa utani.

Kikao kilifanyika ghalani, watu wamekaa juu ya magunia. Ajenda ya kwanza, mchango wa ndizi na maharage kwa askari. Ya pili, vyoo. Ya tatu, safari ya mgambo. Mimi naandika, jasho linadondokea daftari. Tukafika mengineyo. Mzee Simeoni akasimama, akavua kofia.

"Mwenyekiti, nyumba kumi zangu zina ombi moja. Katibu anaomba binti."

"Binti yupi?" akauliza Mzee Gervazi.

"Wako, Mwenyekiti."

Mzee Gervazi alikuwa mtu wa taratibu. Nadhani angekuwa nyumbani angejua la kufanya kama baba. Pale alikuwa kwenye kiti. Akatazama huku na huku, akasema, "Wajumbe mnasemaje?"

"Ego," akasema bibi mmoja, yaani ndiyo. Mwingine akaunga mkono. Wa tatu akauliza kama ombi lilipitia kwenye kamati ya ustawi wa jamii.

Konsolata akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, nina swali kwa Katibu."

"Katibu haulizwi. Anaandika."

"Basi na hili aliandike. Miaka miwili anachukua maneno yangu, anayafua, anayapiga pasi, anayasoma mbele za watu. Ya kwake hajasema hata moja. Mimi siolewi na muhtasari. Kama ananitaka, aseme kwa mdomo, leo, maana lori ni kesho."

Nilisikia panya kwenye magunia.

Nikasimama. Kalamu ilikuwa mkononi, sikujua pa kuiweka. Kwa mara ya kwanza maishani niliona kwamba nikinyamaza sasa, hakuna atakayenisumbua kamwe, mpaka kufa.

"Nayajua," nikasema.

"Unajua nini?"

"Maneno yako. Kabla sijayafua."

Nikaanza. Nilisema habari ya maharage na foleni ya sukari, neno kwa neno. Nikasema ya majembe yenye usingizi. Nikasema lile aliloliropoka kuhusu hotuba za Mwenyekiti, kwamba mtu anaweza kwenda Biharamulo kwa miguu na kurudi akaikuta moja bado iko kwenye utangulizi. Hilo kwenye daftari lilikuwa "alisisitiza matumizi mazuri ya muda." Mzee Gervazi alikuwa anasikia toleo lile kwa mara ya kwanza. Sikumtazama. Nilisema yote, ya miaka miwili, na nilipomaliza watu walikuwa wamelaliana kwa kicheko.

"Sitaki kwenda huko kabla hujajua kwamba ninayo," nikamaliza. "Ni hayo tu."

Konsolata alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mabega yalikuwa yanamtetemeka. Alipoitoa kanga, macho yalikuwa na maji.

"Katibu, kaa chini uandike," akasema. "Ndugu Konsolata amekubali. Sharti ni kwamba mwombaji arudi."

Niliandika hivyo hivyo. Ndiyo mara pekee sikubadilisha kitu.

Mzee Gervazi akagonga meza. "Imepita. Na mimi hotuba zangu ni fupi," akasema, kisha akazungumza nusu saa.

Ya huko vitani siyaandiki. Wasomaji kumi na mmoja watanisamehe. Nilirudi baada ya miezi mingi, nikashushwa barabarani, nikasikia kikao kinaendelea ghalani. Nikachungulia mlangoni. Katibu alikuwa Konsolata. Walimpa daftari langu nilipoondoka, na baadaye niliambiwa kwamba kila kikao, kwenye yatokanayo, alikuwa akisoma kwa sauti ile ile: "Ombi la katibu wa zamani. Utekelezaji: bado." Kila mwezi. Watu walifika mahali wakawa wanainamisha vichwa akifika hapo.

Siku ile aliinua macho akaniona. Akakohoa kidogo.

"Ombi la katibu wa zamani," akasoma. "Utekelezaji: amerudi. Amekonda. Hoja imefungwa."

Watoto sita, wajukuu sina haja ya kuwahesabu. Sasa hivi ananiuliza kutoka jikoni kama nimelala, nami namjibu "mm," ambayo kwa mtu kama mimi ni hotuba. Blogu hii haisomi. Anasema muhtasari wangu alishausoma wa kutosha.

Nimeridhika. Niliandike neno hilo kama lilivyo.

Lipo jambo moja tu sijawahi kumwambia, na leo pia nimeona bora nilikabidhi humu. Siku ile ghalani nilihesabu waliohudhuria, kama kazi yangu ilivyotaka. Akidi haikutimia. Tulipungua watu wawili.