Nyasi Mbele ya Mlango

Jumatatu, 3 Desemba 1951
Nimemwagilia tena kabla ya kwenda kazini. Hakuna kitu. Udongo mweusi, umelowa, basi. Najua mbegu haioti kwa kuangaliwa. Hata hivyo nimechuchumaa nikiangalia mpaka chai ikapoa.

Naandika nilivyofanya, nisije nikasahau. Nimelima uwanja wote wa mbele, nikatoa mawe na mizizi. Samadi nimeichekecha kwa chekeche la Marta. Mke wangu atanisamehe. Mbegu nimezichanganya na mchanga mkavu, nikazitawanya kwa urefu, kisha kwa upana, zisikae mafungumafungu. Nimekandamiza kwa ubao. Juu nimetandaza majani makavu ya kuezekea. Vigingi na kamba kuzunguka kote.

Nyasi za namna hii zipo mbele ya nyumba za wakubwa wa ofisini. Zinapendeza. Nataka zangu. Sina sababu nyingine.

Marta yuko kwao Ziba, alikwenda kujifungua. Mtoto wa kike. Sijamwona. Mvua za mwaka jana ziliangusha jiko letu, kwa hiyo wazazi wake wamesema harudi na mtoto mchanga mpaka mama yake aje aione nyumba. Jiko nimelijenga upya. Kuta nimezipaka chokaa. Kilichobaki ni uwanja.

Jumatano, 5 Desemba
Sisimizi. Wanabeba mbegu zangu kuzipeleka kwenye ufa wa ukuta. Nimewamwagia majivu. Kuku wa jirani nao wameingia. Mwenyewe, Mama Zuhura, alisimama nje ya kamba.

“Karani, amelala nani hapa? Mbona kaburi refu hivi?”

Nikamwambia nimepanda nyasi.

“Nyasi! Sisi wengine tunavunjika migongo kuziondoa!”

Alicheka mpaka kisimani. Nimekasirika kuliko inavyostahili.

Jumapili, 9 Desemba
Mvua kubwa ilinikuta kanisani. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nasikiliza bati. Nimerudi mbio: nusu ya mbegu zimekwenda mtaroni. Nimechimba kifereji upande wa juu ili maji yapite pembeni. Nimepanda upya palipochukuliwa. Suruali ya Jumapili imeharibika.

Jumamosi, 15 Desemba
Zimeota! Ukisimama huoni. Ukilaza shavu chini unaona kijani, kama ukungu. Nimelaza shavu. Mama Zuhura ameniona. Potelea mbali.

Alhamisi, 27 Desemba
Krismasi peke yangu. Wali bila kitoweo, sikuwa na moyo wa kupika. Kila lori likitoka Nzega nakwenda stendi kuuliza habari za Ziba. Hakuna. Nikirudi nang'oa magugu. Nikimaliza nazunguka kamba. Nikikaa naondoka tena. Nyasi zimefika urefu wa kidole, nimezikata kwa mkasi wa kushonea. Mkono umevimba.

Naogopa. Mtoto atanizoea lini?

Jumatano, 2 Januari
Utingo wa lori ameleta salamu. Mama mkwe anakuja Jumamosi pamoja na shangazi yake Marta. Akiridhika, Marta anarudi. Asiporidhika, anakaa huko mpaka mvua ziishe.

Kwetu mkwe wa kike haonwi uso, wala husemi naye. Nyumba nitawaachia wao. Mimi nitalala kwa mume wa Mama Zuhura, kwenye chumba cha uani. Nimekagua jiko tena. Nimegonga nguzo. Liko imara. Uwanja sina wasiwasi nao. Uwanja ndio utakaosema kwamba hapa pana mtu anayejua kutunza.

Jumamosi, 5 Januari
Wamefika. Niliondoka kwa mlango wa nyuma walipokuwa wanateremsha mizigo. Nimesikia kikohozi chake tu. Hakuna neno juu ya nyasi. Nikafikiri, zimewaacha midomo wazi.

Jumatatu, 7 Januari
Nimeamshwa na jembe.

Nimechungulia kwenye ua wa mabua. Mama mkwe ameinama katikati ya nyasi zangu, khanga kiunoni, analima anarudi nyuma, huku akiimba. Shangazi anakusanya na kutupa. Vigingi vimeng'olewa. Kamba amefungia kuni.

Siwezi kutoka. Siwezi kuita. Nimekimbilia kwa Mama Zuhura.

“Mwambie mwenyewe, karani.”

“Ni mkwe wangu!”

“Haya. Niseme nini?”

Nilimwambia aseme kwamba nyasi zile nimezipanda, kwa mkono wangu. Akaenda. Nimewasikia wanacheka wote watatu. Amerudi anafuta machozi.

“Anasema mkwe wake aache aibu, hana haja ya kusingizia amepanda. Mwanamume akikaa peke yake, uwanja huwa hivyo. Wewe hakulaumu. Anamaliza kabla ya jua kali.”

Nilichungulia tena, nikamtazama mama mkwe. Ana umri wa kuketi tu akaletewa uji. Alikuwa anasitiri nyumba ya binti yake, watu wasipite wakasema haina mwenyewe.

Ningeweza kumtuma Mama Zuhura mara ya pili. Aseme: acha. Halafu Ziba wasikie kwamba nimemkemea mkwe kwa kunisafishia uwanja. Mama Zuhura alikuwa anasubiri, hacheki tena.

Nikamwambia: “Mwambie ahsante.”

Nimechelewa kazini. Nimekosea hesabu zote. Nina hasira, na sina wa kumkasirikia.

Jumatano, 9 Januari
Wameondoka asubuhi. Ujumbe wa mama mkwe kupitia Mama Zuhura: jiko zuri, chokaa nzuri, mkwe msikivu. Marta aje.

Nimeingia nyumbani kwa mlango wa mbele. Udongo mtupu mpaka barabarani. Nimekula vizuri kwa mara ya kwanza tangu kabla ya Krismasi.

Jumamosi, 19 Januari
Lori lilifika mchana. Marta amenenepa. Mtoto ana paji la uso la mama yangu.

Jioni tumeketi mlangoni. Marta akaniambia mama yake anawasimulia watu wote kwamba alikuta pori mbele ya nyumba, akalifyeka kwa mkono wake. Anajivuna sana. Akaniuliza ilikuwaje mpaka nyasi zikafika mlangoni.

Nikasema nilizembea.

Akacheka, akanipa mtoto nimshike, akaingia ndani kupika.