Chumvi ya Kubeba Mwenyewe

Leipzig, Jumapili, nimetoka kanisani

Mama yangu,

Mwangaluka mayu. Shikamoo. Ya baba mpelekee zizini, maana najua saa hizi hayupo ndani. Mimi mzima, ni mafua tu ya huku yasiyojua kwao. Goti lako je? Bado linakusumbua ukitoka kisimani, au ile dawa ya muuguzi imesaidia? Mvua imeshafika Nkololo, au mawingu bado yanawapita na kwenda kunyesha kwa wengine? Na pamba mmepalilia? Nijibu yote, hata kama itabidi umwombe mdogo wangu Minza akuandikie.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kuna jambo nilikuficha, na kwenye simu ningelia, nawe ungelia, na salio lingeishia hapo. Barua anakuja nayo dada mmoja wa Nyashimo anayerudi likizo, ataiacha kwa mjomba pale Bariadi. Usishtuke. Jambo lenyewe limeisha, tena vizuri. Nalitanguliza hilo ili usome ukiwa umetulia.

Kila ulipopiga uliniuliza kazi inaendaje, nami nikajibu nzuri, nzuri. Nilikuwa nakudanganya, nisamehe. Hawakuniajiri moja kwa moja. Walinipa miezi mitatu ya majaribio, na mwezi wa tatu ulipoingia nilikuwa nimeshateremsha begi kutoka juu ya kabati. Kazi ikiisha, na kibali cha kuishi huku kinaisha. Si kwamba nilichukia kurudi nyumbani. Nilimwogopa baba. Ameshautangazia mnada mzima kwamba binti yake anatengeneza kompyuta kwa Wajerumani. Ningepita wapi mimi?

Kwanza mwambie sitengenezi kompyuta. Programu ya kompyuta huandikwa na watu, maneno na alama, kurasa kwa kurasa, na kompyuta haiwezi kuitumia mpaka maandishi hayo yageuzwe. Watu wengi huchukua iliyokwisha kugeuzwa, kama wanaonunua unga wa dukani. Ofisi yetu inasaga yenyewe. Tunachukua maandishi ya asili, tunayageuza kwanza hapa kwa kujaribu, tunafunga kifurushi na kuwatumia wateja, ambao ni zahanati za vijijini zenye kompyuta ndogo za zamani, nao wanakigeuza tena, yaani wanakijenga, kwenye mashine zao. Hakuna picha za kubofya. Kuna dirisha jeusi, unaandika amri ya mstari mmoja, halafu maandishi yanamiminika dakika arobaini nawe umekaa unamwomba Mungu. Kila kifurushi kina orodha yake ya mahitaji: ili nijengwe nahitaji hiki, na hiki, na kile. Orodha hiyo naiandika mimi.

Nilipewa vifurushi kumi na viwili. Kumi na kimoja vilikubali. Cha mwisho, kile cha kuchapa majibu ya maabara, ndicho kilichotaka kunirudisha Nkololo. Kwenye kompyuta yangu kilikuwa kinajengeka bila shida yoyote. Nikikituma zahanati, wakikijenga kwenye mashine yao, kinakwama katikati. Nikarudia, kwangu safi, kwao kimekwama. Mara ya tatu vilevile, na kule wagonjwa wanaandikiwa majibu kwa mkono.

Bosi wangu ni mama mmoja anaitwa Anke, mrefu, hacheki ovyo. Akaniuliza kwa nini kwangu kinakubali. Mama, unanijua mdomo wangu. Nikamwambia kwangu kinakubali kwa sababu nimekijenga vizuri, labda kompyuta zao ni mbovu. Alinitazama tu, akasema Ijumaa ijayo tutakaa tuzungumzie mkataba wangu. Nikajua hapo nimekwisha. Nikaanza hata kusema moyoni kwamba hanipendi, basi tu.

Jumamosi mchana nikasema acha nijipikie kitu cha kunifariji, nikautoa ule mlenda mkavu ulionifungia. Nimesonga ugali, mlenda umeiva, nyumba nzima inanukia kwetu. Nanyoosha mkono kwenye kabati nichukue chumvi, hakuna. Rosa, yule mwenzangu niliyekuwa naishi naye, alikuwa amehama siku mbili kabla na vitu vyake vyote. Ndipo nikagundua kwamba tangu nifike nchi hii sijawahi kununua chumvi. Miezi karibu mitatu nimekula chumvi ya Rosa, na mtu angeniuliza napikia nini ningemtajia kila kitu nisiitaje chumvi, kwa sababu siku zote ilikuwa pale.

Nikakaa chini na mwiko mkononi. Nikakukumbuka wewe kwenye ule msiba wa kijijini Kimali, nilipokuwa darasa la tano. Ulifika na kapu lako: chumvi, kiberiti, kisu, mpaka mwiko. Wale wanawake wenyeji wakakucheka, eti unadhani kwao hakuna chumvi. Nami niliona aibu, nikataka kulificha lile kapu nyuma ya nyumba. Ilipofika saa ya kuunga maharage ya watu wote wale, kumbe kila mmoja alidhani mwenzake ameleta, na duka liko mbali. Ukafungua kapu kimya kimya. Tukiwa njiani kurudi ukaniambia, "Kabula, ukienda kupika kwa watu, chukulia kwamba jikoni kwao hamna kitu kabisa. Beba mpaka chumvi."

Ule mlenda niliula hivyo hivyo, bila chumvi, na machozi juu yake.

Jumatatu nikamwomba Anke anipe kompyuta tupu, isiyo na kitu kabisa. Akainua nyusi, akanipa. Nikaandika amri yangu, nikasubiri, na kifurushi kikakwama palepale kilipokuwa kikikwama zahanati. Mama, sijawahi kufurahia kushindwa namna ile! Nikasoma mstari wa mwisho: kuna programu moja ndogo inatafutwa na haipo. Nikaitambua. Niliiweka mwenyewe kwenye kompyuta yangu wiki ya kwanza kabisa, kwa kazi nyingine, nikaisahau. Kwangu ilikuwepo siku zote, kwa hiyo sikuiandika kwenye orodha. Nikaiandika. Neno moja tu. Nikaanza upya na dakika arobaini baadaye kikawa tayari, na kesho yake zahanati wakajibu kwamba majibu yanachapwa.

Sikungoja Ijumaa. Nilikwenda kwa Anke nikamwambia kosa lilikuwa langu, si la kompyuta za watu, na mdomo wangu pia ulikuwa kosa. Akacheka, kwa mara ya kwanza nikamwona meno. Akasema kosa hilohilo yeye alilifanya alipoanza kazi, akamlaumu mteja mwezi mzima. Ijumaa nikasaini mkataba wa miaka miwili. Begi limerudi juu ya kabati, na usiku ule nililala kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Halafu nikatengeneza amri yangu ndogo. Inafungua nafasi tupu ndani ya kompyuta na kujenga kifurushi humo, ili kama umesahau kuandika kitu uumbuke ofisini kabla mgonjwa wa watu hajaumia. Nimeiita chumvi. Sasa ofisi nzima, kabla ya kutuma chochote, wanaandika chumvi kwenye lile dirisha jeusi. Wanaitamka vibaya mno. Anke aliniuliza maana yake, nikamweleza kuhusu kapu lako. Akasema, "Mwambie mama yako tunamshukuru." Basi nimekufikishia. Na mimi pia, wabeja sana, mayu. Ile aibu ya Kimali, naomba uisahau.

Baba mwambie polepole, umchagulie siku ng'ombe wote wamerudi. Minza, mdogo wangu, asome kwa bidii na asivae lile gauni langu la bluu. Nisalimie mjomba, mwenye kuhifadhi barua zetu, na shangazi wa ng'ambo ya mto, na bibi, mshikie mkono kwa niaba yangu.

Ukipata mtu wa kuja huku nitumie mlenda tena, na michembe kidogo ya viazi vitamu. Chumvi usihangaike kuifunga, mama. Ninayo yangu.

Mwanao,
Kabula