Siku Binti Mfalme Alipotakiwa Kuamka

4 Februari

Baba, shikamoo.

Hamjambo huko? Kifua cha mama kimetulia? Mimi mzima, ila sauti imekauka kwa kuwapigia watoto kelele.

Ile kazi ya kufundisha dansi nimeipata. Darasa liko ghorofani, juu ya duka la rangi, kwa hiyo tunacheza huku harufu imetujaa puani. Wanafunzi wangu wana miaka mitano, sita. Ukiwaambia "nyoosha mguu" hawakusikii, basi nimewapa hadithi, ile ya zamani ya binti mfalme aliyechomwa sindano akalala miaka mia, na jumba zima likalala naye. Wakikunja magoti, wanamwamkia mfalme. Wakitembea kwa ncha za vidole, wanaogopa kumwamsha binti. Sasa wananisikia!

Binti mfalme wetu ni mtoto tunayemwita Chiriku, maana mdomo haufungi. Ila baba, kuna jambo. Wakati wa kuamka wenzake wanaruka juu. Yeye anashika magoti, anashika mapaja, kama anayejipanda mwenyewe. Tena anaanguka bila kujikwaa.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu mpenzi, marahaba.

Sisi wazima. Mama yako anakohoa kidogo, lakini maneno hayajapungua. Huyo binti mfalme wenu mwepesi sana wa kulala. Mimi fundi cherehani sindano imenichoma maisha yangu yote, na hata usingizi wa mchana sijaupata.

Kuhusu Chiriku, kamwambie mama yake. Ana kwa ana, usizungukezunguke. Akikasirika, akasirike.

Baba yako

2 Mei

Baba, shikamoo.

Nisamehe kwa ukimya. Mnaendeleaje? Mimi nipo, nachoka tu.

Nilimwambia. Mama yake Chiriku anapiga pasi kwa dobi, hata macho hakuinua. "Mwalimu, huyo mvivu tu. Nyumbani nako anataka abebwe." Baadaye akanijia analia: mtoto ameshindwa kupanda ngazi. Tukaenda wote hospitali. Pima, subiri, rudi kesho. Mwishowe daktari akasema ni ugonjwa wa misuli, dawa ya kuuponya hakuna, na nguvu zitazidi kupungua. Mama akanigeukia mimi, si daktari. "Mazoezi yako yatamsaidia?"

Nikainama, nikamfunga mtoto viatu.

Mtoto mwenyewe hataki kuacha. Nimebadilisha dansi. Sasa jumba zima linaamka kama yeye, mikono magotini, mikono mapajani. Wenzake wanadhani ndivyo watu wa kifalme wanavyoamka.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, sisi hatujambo. Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena. Mama yako ananiuliza nimekuandikia nini, namjibu bado. Nguo ikichanika najua pa kuanzia. Hapa sijui, mwanangu. Usiache tu kwenda kwa huyo mtoto.

Baba yako

6 Desemba

Baba, shikamoo.

Mama hajambo? Najua nimekaa kimya mno. Kila nikishika kalamu, naiweka chini.

Onyesho la dansi yetu ya binti mfalme lilifanyika, palepale darasani. Chiriku alibebwa mgongoni na mama yake mpaka juu. Akalala kitandani vizuri, huku anawachungulia watu kwa jicho moja. Wakati wa kuamka ulipofika, akashika magoti. Mikono ikateleza. Akajaribu tena. Wenzake wakabaki wamelala, maana nilishawakataza kuamka kabla ya binti mfalme. Jumba zima chini, muziki unaendelea peke yake. Kisha nikasikia, "Mwalimu, siwezi."

Nilikuwa nyuma ya pazia. Nikazima muziki. Nililoweza ni hilo tu.

Sasa haji darasani. Mimi ndiye ninayekwenda kwao Jumamosi. Mama yake hupiga pasi nguo za watu, Chiriku ameegemezwa mito, ananiamuru nicheze katikati ya kitanda na tenga la nguo.

"Mkono umelegea, mwalimu."

Naunyoosha.

Juzi akaniuliza, "Nikiwa mkubwa, nitafundisha kama wewe?"

Pasi ikasimama. Mama yake akanitazama, akingoja kama mtoto. Nikasema nina kiu, nikatoka nje kutafuta maji.

Jumamosi atauliza tena, namjua. Nimjibu nini, baba? Niandikie upesi, hata mstari mmoja.

Mwanao